Uzito wa Nyuma

Jumamosi nilipita uwanja mmoja wa Chaani ambapo vijana wa bodaboda hujifunza kuinua gurudumu la mbele na kwenda kwa la nyuma peke yake. Mmoja wao nilimtambua. Ndiye anayempeleka binti yangu shule kila asubuhi.

Mwenzake alikuwa akimcheka. "Bado yakuangusha? Wewe kabebe viazi."

"Siku za kazi hainiangushi," akajibu, hajaniona. "Nikipakia mtu nyuma, mbele huwa kwepesi. Uzito kidogo tu watosha."

Nikaweka kikapu chini. "Kama wa mtoto wa darasa la tatu?"

Akazima injini, akaanza kufuta kioo kilichokuwa safi. "Shikamoo, mama."

"Nimekuuliza."

"Mara moja tu, mama. Na alifurahi, wallahi."

Jumatatu tulikwenda shule kwa miguu, binti yangu amenuna njia nzima. Wazazi wenzangu, mwezi huu wote mtoto huyu alikuwa akiamka kabla sijamwita, ameshavaa sare, ananihimiza tusichelewe. Nami niliwaambia majirani kwamba sasa amependa masomo.