Macho Yangu Ndani ya Simu

Mimi ni fundi cherehani hapa Kisangani. Tangu tuoane nilimwambia mke wangu kwamba sikosei nyuzi kwa uzembe. Nyekundu na kijani kwangu zinafanana. Hakuniamini. "Hauangalie vizuri," alisema kila mara, kisha akanichagulia uzi amenuna.

Mwaka jana binti yetu, anayesomea kompyuta, alikuja na programu ya simu. Unapiga picha, nayo inaigeuza ikuonyeshe vile mtu kama mimi anavyoiona. Akampiga mama yake picha akiwa amevaa pagne yake ya sherehe, kitenge chenye nyekundu na manjano. Mke wangu alipotazama, aliketi.

"Kumbe ni hivi unanionaka? Kama matope?"

Akalia. Jambo nililomweleza miaka yote, simu ilimwaminisha kwa dakika moja. Na tena ilimwaminisha uongo.

Nikaichukua ile simu. "Hapana. Mimi sionake hivi."

"Utajua namna gani, papa?" binti akauliza.

"Kama haya yangekuwa macho yangu, picha yenyewe na hii yenye kugeuzwa zingekuwa sawasawa kwangu. Lakini ile ya kweli, manjano yake inawaka. Hii imekufa."

Akazichanganya, akanionyesha moja moja. Kila mara niliitambua iliyogeuzwa.

"Bon, papa, lakini ni watu wenye kusoma sana ndio waliitengeneza."

Mama yake hata hakusikiliza. Kesho yake alianza kuwaonyesha wateja. "Muangalie, masikini, ni hivi anaonaka." Wanawake waliitazama picha, wakanitazama mimi. Mmoja, niliyemshonea tangu nguo ya harusi yake, alikunja kitambaa chake polepole, akakipeleka kwa fundi wa ng'ambo ya barabara. Wengine wakamfuata.

Nilimwambia mke wangu aache.

"Nilitaka tu watu wakuelewe," alisema.

"Hawanielewe mimi. Wanaelewa simu."

Siku hizi nashona sare za shule tu: mashati meupe, suruali za buluu. Buluu naiona vizuri, pengine kuliko mke wangu. Hata hivyo huja akasimama nyuma yangu, akanyoosha kidole juu ya meza, akaniambia kwa sauti ya upole nisiyoweza kuizoea: hii nyeupe, hii buluu.