Mlango wa Mbele Ulivyozibwa

Baba alipofariki, mama alitoboa ukuta wa chumba cha mbele cha nyumba yetu ya Masuguru, akaweka mlango wa kutokea barabarani, akaanza kuuza chai, chapati na supu. Jirani yetu, mama wa Kisambaa ambaye yeye na mama waliitana dada, ndiye aliyekuwa mteja wa kwanza.

Haukupita muda akaja binti mmoja, afisa mipango miji.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, karibu chai."

Hakunywa. Alieleza taratibu kwamba kwenye mchoro wa mji, viwanja vya mtaa wetu ni vya makazi tu. Vya kule barabara kuu ndivyo vya makazi na biashara. Huko mtu anaruhusiwa kulala nyuma na kuuza mbele.

"Na mimi si nalala humu humu?" mama akauliza.

"Unalala, mama, lakini umefungua mgahawa. Omba kubadili matumizi ya kiwanja. Majirani wataulizwa kama wana pingamizi."

Mama akashusha pumzi. Kama ni majirani tu, alisema, hana wasiwasi.

Aliyeweka pingamizi ni yule dada yake. Mumewe alikuwa na pumu, na jiko letu la kuni lilikuwa chini ya dirisha lao. Mama alimfuata uani kwake, nami nikiwa nyuma.

"Dada, si ungeniambia nihamishe jiko?"

"Nilikuambia Kwaresima nzima," jirani akajibu huku analia. "Ukawa unacheka. Mume wangu halali."

Mama aligeuka akarudi nyumbani.

Ombi lilikataliwa. Siku fundi alipoziba mlango, mama mwenyewe ndiye aliyekuwa akimpa matofali. Baada ya hapo aliacha kupika hata chakula chetu. Mwishowe mjomba akaja kumchukua, mama akarudi kwao Sindeni. Alipoanza kuugua, jirani alinipa matunda ya milimani nimpelekee. Mama aliyapokea, akayaweka pembeni, yakaozea pale.

Siku ya mazishi ya mama, jirani alikuja Sindeni peke yake. Alinishika mkono.

"Aliniachia neno lolote?"

Nilitamani kumdanganya. Nikashindwa.

"Hapana, mama."

Akakaa mkekani pale pale, kati ya wanawake wasiomfahamu, akajifunika kanga usoni.