Orvela na Sikio la Alimasi

Jumatatu tarehe 11 Februari 1980, Alimasi Ramazani aliandikishwa katika ofisi ya komini, yaani wilaya ya mjini, ya Kampemba kuwa fundi wa redio na spika. Alikuwa na umri wa miaka arobaini na mitatu. Miaka kumi na mmoja alikuwa ameimaliza kwenye mashine ya kuponda mawe ya shaba, pamba masikioni, na mkewe Rabia alikuwa amemwambia wazi kwamba amechoka kufua vumbi.

Karakana ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yao. Spika ikija imechanika, Alimasi alikata kiraka katika mfuko wa saruji, akakibandika kwa gundi ya viatu, akaanika, kisha akaketi kusikiliza. Kubandika wengi waliweza. Kilicholeta wateja ni kule kusikiliza. Mwenye baa hakununua bafle, kama masanduku ya spika yanavyoitwa mjini, kabla Alimasi hajatamka neno. Akisema ni nzuri, ilinunuliwa. Akitikisa kichwa, ilirudi dukani.

Miaka hiyo bafle za Orvela zilijaa kila mtaa. Ziliingia kwa malori kupitia mpaka wa Kasumbalesa, nyeusi, zenye wavu wa rangi ya fedha, na karani yeyote wa kampuni ya shaba aliyejali sebule yake alikuwa na jozi. Kila Jumapili baada ya misa, wapenda muziki wawili walifika kwa Alimasi kugombana juu yake. Majina yao ya Kizaire, yaliyolazimishwa na serikali, yalikaa kwenye vitambulisho. Hapa walikuwa Jeannot na Constantin. Jeannot, dereva wa treni mstaafu, aliipenda Orvela kama mtu anavyopenda timu. Constantin, mwalimu wa hesabu, alishikilia kwamba watu wananunua wavu, sauti wanapewa kama nyongeza.

Alimasi hakuitaka kabisa.

"Yaya Jeannot, ile kintu iko bati," alisema, akimwita yaya, yaani kaka mkubwa, kwa heshima ya umri. "Unasikia gitaa, ao unasikia mabati ya nyumba yako wakati wa mvua?"

"Weye mutu wa Maniema, unajua nini ya gitaa? Kwenu muko na ngoma ya harusi tu."

"Na kwenu muko na filimbi ya treni. Njo maana unapenda Orvela."

Ili ubishi usiwe wa macho, Alimasi aliweka sheria: anayehukumu anageukia ukuta, mwingine anaunganisha nyaya. Kwa miaka sita alihukumu akiwa ameelekea ukuta, na kwa miaka sita aliitambua Orvela kabla mwimbaji hajamaliza ubeti wa kwanza. Ilikuwa ni ile sauti ya juu, kali, iliyomchoma sikioni kama sindano.

Septemba 1986, Mwaba, mwenye baa, alimletea jozi mpya ya Orvela aitolee neno. Jumapili Alimasi aliweka santuri, akasikiliza upande mzima, akatabasamu.

"Bameirekebisha," alisema. "Bati imeisha. Yaya, leo umenishinda. Iko muzuri."

Constantin alipiga makofi. "Ah! Duka imemunulia fundi wetu bia, na yeye hanywake pombe!"

Alimasi alicheka, akamgeukia Jeannot apokee ushindi wake. Jeannot hakucheka. Alisogeza sikio karibu na bafle, akasikiliza kwa muda mrefu, akavaa kofia yake, akaaga. Alimasi alidhani mzee amekosa raha kwa sababu ubishi wao umekwisha.

Jumapili iliyofuata, tarehe 5 Oktoba, Jeannot alifika mapema.

"Geukia ukuta, ndugu."

"Tena? Nimeshasema iko muzuri."

"Geuka tu."

Aligeuka. Santuri ikapigwa, gitaa likapanda, likashuka. Ikasimamishwa. Nyuma yake kulikuwa na mchakacho mdogo wa bisibisi, ambao hakuusikia. Santuri ikaanza upya.

"Ni bafle gani sasa?" aliuliza Jeannot.

"Ni Orvela ile ile. Unacheza na mimi?"

"Hakuna tofauti?"

"Tofauti ya nini? Sauti iko wazi, tamu."

"Njo ivyo," Jeannot alisema polepole. "Umepata."

Mtu aliyepata hupigiwa makofi hapa. Alimasi aligeuka. Constantin alikuwa anatazama sakafu. Wavu wa fedha ulikuwa umeegemezwa mezani, na kutoka kwenye spika ndogo ya juu, ile inayobeba sauti kali, waya mwekundu ulikuwa unaning'inia hewani.

Alielewa bila kuambiwa. Orvela haikurekebishwa; masikio yake ndiyo yaliyopoteza sauti ya juu.

Alipiga magoti, akaurudisha waya mahali pake kwa mikono ambayo bado ilijua kazi. Akaweka sikio. Akaweka lile lingine. Mwishowe akaweka ncha ya kidole kwenye spika ndogo.

"Inatetemeka," alisema. "Inalia?"

"Inalia, ndugu," Jeannot alijibu. "Inalia sana."

Rabia alikuwa amesimama mlangoni na sinia ya chai. Hakuna aliyejua amekuwa pale tangu lini. Miezi mingi alikuwa amerudia maneno yake mara mbili mbili, akifikiri mumewe ana mawazo.

Jeannot alivuta kiti karibu. "Sikia. Batu bengine hapana kujua. Mi nitakuwa nakuja kila siku. Nasikiliza, nakugusa mukono, weye unatamka. Mulikuwa mukisema mi niko na sikio ya treni, lakini iko nzima."

Alimasi alimtazama kwa upole. Kwa miaka sita alikuwa amelitukana sikio hilo.

"Hapana, yaya. Mwaba hakuleta bafle yake kwa mukono yangu. Alileta kwa sikio. Nikitamka yako, ni uongo."

"Uongo hiyo itaumiza roho ya nani?"

"Yangu."

Walikunywa chai, santuri imezimwa. Constantin alijaribu kuzungumzia mpira, akaacha.

Jumatatu asubuhi Alimasi alimrudishia Mwaba jozi yake, akamwambia atafute fundi mwingine wa kuzisikiliza. Kuanzia wiki hiyo hakupokea tena spika. Alitengeneza pasi za umeme na majiko.