Kiapo cha Chupa Nyeusi

Kwanza naomba mnivumilie. Mwandiko wangu unapanda na kushuka, na shule yangu iliishia darasa la saba, kwa hiyo mkikuta herufi imekaa pasipo pake, isogezeni wenyewe. Naandika polepole. Ningeweza kuyasema haya kwa mdomo, lakini mbele ya watu ulimi wangu hukauka tangu utotoni. Wala mimi si mzee. Wanaostaafu huwa na mvi, mimi nimestaafu ndevu zangu zikiwa bado laini. Ila kazi niliyoiacha wapo vijana wanaoingia sasa, na ni haki yao kuambiwa.

Siku ya kwanza mama alinipeleka Mtawanya kwa kaka yake. Kwetu Wamakonde, mjomba ndiye mwenye neno juu ya mtoto wa dada yake, na mjomba wangu alikuwa muuza dawa ya chupa. Kuanzia mjini Mtwara mpaka vijiji vya kando ya Ruvuma watu walimwita Dokta, ingawa hospitalini alikuwa amefagia wodi tu, zamani za ujana wake. Tulimkuta uani amekaa juu ya kigoda, anasugua chupa kwa mchanga na majivu.

"Huyu anaongea?" alimuuliza mama.

"Akiulizwa."

"Basi aende jikoni. Maneno yangu yanatosha watu wawili."

Mkuu wangu wa jikoni alikuwa mkewe, Mama Dokta. Ndiye aliyenifundisha kuunguza. Sukari kavu inawekwa kwenye sufuria tupu, inayeyuka, inakuwa nyekundu, halafu nyeusi. Moshi ukianza kuuma macho unamwaga maji, nawe umesimama mbali, maana inaruka na kuchoma vibaya. Hiyo ndiyo rangi ya dawa. Baada yake inaingia tangawizi na pilipili manga ili koo liwake, majani ya mwarobaini ya uchungu, halafu sukari nyingine nyingi ili mtoto asiteme.

"Uchungu ni heshima ya dawa," alikuwa akisema. "Utamu ndio unaomrudisha mteja."

Chupa hiyo moja ilitibu mgongo, minyoo, tumbo la uzazi, nguvu za kiume na ndoto mbaya. Zaidi ya yote ilitibu kifua cha salfa. Salfa ni ule unga wa njano unaopulizwa kwenye mikorosho, na wapulizaji hukohoa msimu mzima. Korosho zikishauzwa, wote walikuja kwetu.

Baadaye nilihamishiwa mnadani. Nilianzia sokoni mjini, kisha tukazunguka vijijini. Nilibeba spika na betri ya gari, nikapanga chupa mstari juu ya turubai, basi. Kusema kulikuwa kwa mjomba.

"Dokta, chupa hii si ilikuwa ya pombe?" kijana mmoja alimrushia swali siku moja.

"Ilikuwa ya pombe, imeoshwa. Hata wewe jana ulikuwa wapi, na leo umevaa kofia ya msikitini?"

Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Kisha wakanunua.

Lakini hakuna aliyenunua kabla ya kiapo. Kiapo kilikuwa hivi: mteja anachagua chupa yoyote, mjomba anaifungua mbele ya wote na kuinywa yote, halafu anaigeuza chini juu waone kwamba imekauka. Kulipita mchuuzi mwingine zamani, akauza kitu kilichowaumiza watu, na tangu hapo vijiji vyote vilitaka kiapo. Mjomba alijivunia jambo hilo. "Anayeogopa kunywa dawa yake," aliniambia, "anauza sumu." Kila mnada, chupa nzima.

Kwanza ilikuja kiu. Alikuwa akiinua dumu la maji na kulinywea hapo hapo. Akakonda. Kisha Mama Dokta akaniita nyuma ya choo cha makuti, akanionyesha sisimizi wamejaa pale mumewe alipokojoa, weusi kama unga wa baruti.

"Ona," alisema. "Sukari yetu."

Mjomba alipoonyeshwa alisema dawa inatoa takataka mwilini, sisimizi wanazifuata. Siku chache baadaye tulikuwa tunatembea, nikaona ndala yake ina damu. Alikuwa amekanyaga kisiki cha mkorosho, kipande kimeingia unyayoni, na hakusikia chochote. Kidonda hicho hakikufunga tena.

Alipoanguka kwa kizunguzungu nilimpeleka zahanati, akiwa hana nguvu ya kukataa. Nesi alikuwa binti mdogo. Alimpima, akamwambia sukari imepanda sana, aache vitu vitamu leo leo, na aende hospitali ya mkoa wakautazame mguu.

"Binti, unanijua mimi?"

"Nakujua, baba. Mama yangu ana chupa zako chini ya kitanda. Ndiyo maana nakwambia."

Hakwenda. "Wakiniona kwenye benchi na kadi mkononi, nani atanunua tena?" alisema. "Nyumba hii yote inakula chupa." Tulijaribu kuchemsha bila sukari. Ilitoka rangi ya chai nyepesi na wateja waliirudisha, wakisema tumeitia maji. Weusi ndio waliouamini.

Kwa hiyo mimi na Mama Dokta tulitengeneza chupa chache za kiapo tu, za mwarobaini na masizi kidogo, bila hata chembe ya sukari, tukazifunga uzi mwekundu shingoni. Tulipofika kijiji cha Ziwani nilizipanga mbele, karibu na mikono ya watu. Mjomba alisimama ameegemea fimbo, mguu umeviringishwa kanga.

Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni alisogea achague. Mkono wangu ukaenda wenyewe, nikamnyooshea yenye uzi.

"Si hiyo," alisema. "Mbona unanichagulia? Nataka ile ya katikati."

"Nitakunywa mimi," nilisema. Sidhani walionisikia walizidi wawili.

"Wewe ni mbeba spika tu!" mzee mmoja akapaza sauti. "Anywe mwenye dawa! Au Dokta leo anaogopa?"

Mjomba aliniangalia. Nilitikisa kichwa. Akaichukua ile ya katikati, akanywa, akapumzika kidogo, akamalizia. Aliigeuza chini juu. Watu wakapiga makofi na turubai likabaki tupu.

Hakusimama tena vizuri baada ya siku ile. Tulimfikisha hospitali ya mkoa akiwa hajitambui. Walimkata mguu juu ya goti, na hakuamka.

Siku ya arobaini watu walijaa uani. Nilisikia walichokuwa wakisema: miaka yote alikunywa dawa yake akiwa mzima, kaenda hospitali, wamemuua. Mkubwa wa ukoo aliniletea spika na chupa nyeusi. "Wewe ndiye mpwa," alisema. "Kula kiapo, watu wajue kazi haijafa."

Yule mama wa Ziwani alikuwepo. Alikuwa akiwaambia wenzake kwa fahari kwamba ndiye aliyemchagulia Dokta chupa ya mwisho.

Nilishika chupa. Nikasema, "Hii ndiyo iliyomuua. Naichemsha mimi, naijua."

"Sema kwa nguvu, mwanangu!" mtu alipiga kelele kutoka nyuma.

Nilifungua mdomo, sauti haikuja. Ndipo Mama Dokta alipoinuka kwenye mkeka, akaitwaa ile chupa mkononi mwangu, akainywa yote mbele ya watu. Aliigeuza chini juu. Hakunitazama. Walianza kununua hapo hapo, msibani.

Siku hiyo ndiyo niliyostaafu. Sasa nabangua korosho, mikono imeungua mafuta ya maganda, lakini halazimishwi mtu kunywa korosho ili nile. Nikikaa nawaza kwamba watu wale hawakuwa wajinga. Walidai muuzaji anywe kwanza, na ni jambo la haki kabisa. Ila mwili wa mtu haujibu siku ile ile ya mnada.

Juma lililopita nilikwenda kumsalimu Mama Dokta. Aliniomba maji, akamaliza kikombe, akaomba tena, na tena. Nilikwenda nyuma ya choo cha makuti. Sisimizi walikuwepo, mstari mrefu kutoka ukutani. Nilipomtajia hospitali alisema, "Ile iliyomuua mume wangu?" akaendelea kusugua chupa.

Maneno yangu hayamfiki. Lakini barua anapenda kusomewa, huacha kazi na kukaa kusikiliza mpaka mwisho. Kwa hiyo ndugu msomaji, kama nyumbani kwako yupo aliyekataa hospitali halafu akakubali, niandikie alikubali kwa neno gani, na nani alilisema. Mpe mhariri wa gazeti hili, atanifikishia. Hata ukiandika vibaya nitasoma. Lakini andika mapema.