Nati ya Tano

Mke wangu alikuwa na mtoto wa jicho katika macho yote mawili. La kushoto lilikuwa limekwisha kufunikwa kabisa. La kulia lilimwonyesha kivuli tu cha mtu aliyesimama mlangoni. Madaktari wa macho walipofika Masasi, kila mtu kwetu Mnyambe alikuwa na habari yake: huyu kasikia wamekwisha kuondoka, yule kasikia watakaa hadi mwisho wa mwezi. Mimi sipangi safari kwa habari za vijiweni. Nilikwenda Masasi mwenyewe, nikalisoma tangazo ukutani, nikamuuliza muuguzi. Ijumaa ilikuwa siku ya mwisho, na mgonjwa alitakiwa kufika kabla ya adhuhuri. Baada ya hapo hakuna aliyejua wangerudi lini.

Ijumaa tuliondoka kabla jua halijachomoza. Tulikuwa tumekwisha kuteremka kutoka uwanda wa juu, tunakaribia Chiungutwa, tairi la mbele la kushoto lilipokwisha upepo.

Kubadili tairi si kazi ngeni kwangu. Nati nne zilifunguka bila matata. Ya tano ilikuwa ya kufuli. Gari letu lililetwa nchini likiwa limekwisha kutumika, na kila gurudumu lake lina nati moja ya namna hiyo, isiyofunguliwa kwa wili spana mpaka uivalishe kwanza ufunguo wake: kikombe kidogo cha chuma ambacho meno yake huingia katika mitaro ya nati hiyo peke yake. Aliyeibuni alimkusudia mwizi wa magurudumu. Nilipoukanyaga mpini wa wili spana, kikombe kililia kikateleza. Nilipokitoa, meno yake mawili yalikuwa yamekatika. Nati ilikuwa imekazwa kupita kiasi. Nani aliyeikaza hivyo sijui. Sikuwapo, kwa hiyo simtuhumu mtu.

Dereva wa bodaboda akasimama.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba."

"Hiyo ni loki. Ufunguo ukifa, haitoki hiyo mpaka ubadilishe ekseli nzima."

"Umewahi kuona ikibadilishwa?"

"Kuona sijaona. Nimesikia."

"Basi hujui."

Ndani ya gari mke wangu akacheka kwa uchovu. "Mwalimu, umeshaanza."

Nilimtuma dereva huyo akamlete fundi. Fundi alifika na mfuko wa vyuma, mtu mwenye maneno mengi na nguvu nyingi zaidi. Alichagua soketi ndogo kidogo kuliko kichwa cha nati, akaigongomea kwa nyundo mpaka ikashika, akachomeka bomba refu kwenye mpini, akavuta.

"Inakuja, mzee! Inazunguka!"

Niliinama nikatazama. Nati hizo huvikwa pete ya chuma inayozunguka bure, ili chochote kinachoishika kwa nje kishike pete tu. "Kinachozunguka ni pete," nikamwambia. "Nati haijasogea hata unywele. Ipasue pete kwa tindo, kisha uishike nati yenyewe."

Fundi akajifuta jasho. "Mzee umesema kweli kabisa. Sasa tindo langu nimemwazima shemeji, yuko Lisekese."

"Na hapa Chiungutwa hakuna tindo jingine?"

"Lipo, ila mwenyewe kaenda shamba nalo."

Sikuwa na nguvu ya kuuliza tindo linafanya nini shambani.

Kando ya barabara alikuwapo mama mmoja akikaanga korosho. Alikuja na kopo la mafuta meusi yanayotoka kwenye maganda, yale tunayopaka nguzo za nyumba zisiliwe na mchwa. "Baba, mwagia haya," akasema. "Yanatoboa mkono mpaka nyama. Kutu itayaweza wapi?"

Nilimweleza, kwa adabu, kwamba mafuta hayo huunguza ngozi lakini hayali kutu, na kwamba yakipata moto huganda yakawa kama rangi iliyokauka. Aliitikia kwa kichwa kwa heshima kubwa. Nikaenda nyuma ya gari kutafuta maji ya kumpa mke wangu. Niliporudi nati ilikuwa imelowa mafuta, na fundi ameishikizia kitambaa kinachowaka kwenye ncha ya waya.

"Nani amewaruhusu?"

"Bibi," akasema fundi. "Tumemuuliza, kasema mwageni."

"Nimesema," mke wangu akajibu kutoka ndani. "Nimechoka kusikia hapana."

Moto ulipozimika, mitaro na pete vilikuwa vimezibwa na kitu cheusi kigumu. Fundi alikigusa kwa kucha, akatazama pembeni. Yule mama alirudi kwenye chungu chake. Jua lilikuwa limepanda.

Dereva wa bodaboda akasogea. "Mzee, nimpeleke bibi. Wewe baki na gari lako, utatukuta."

Nilimtazama mke wangu. Alikuwa amekwisha kufungua mlango na mguu wake mmoja ulikuwa ukiitafuta ardhi. Angefika hospitali bila mtu wa kumshika mkono, wala wa kumsomea karatasi ya kutia sahihi.

"Tunakwenda wote wawili," nikasema.

"Wote? Hiyo mishikaki, mzee."

"Jina lake nalijua."

Miaka yote niliyofundisha nimewakemea vijana kwa kupakizana watatu kwenye pikipiki moja, na nisingelaumu mtu ambaye angenikemea mimi asubuhi ile. Nilimkabidhi fundi ufunguo wa gari, mtu ambaye nilikuwa sijamjua kabla ya siku hiyo. Mke wangu alikaa katikati. Nilimshika kiunoni, ushungi wake ukinipiga usoni njia nzima. Mara moja akaniambia: "Mwambie asikimbie. Lakini asichelewe."

Tulifika muuguzi akikusanya karatasi zake. Alimpima mke wangu presha akatikisa kichwa: ilikuwa juu mno, hafai kuguswa jicho. Nilianza kumweleza kuhusu safari.

"Babu," akasema muuguzi, "ukinyamaza itashuka."

Nikanyamaza. Tulikaa kwenye benchi, mikono yangu myeusi magotini, mgonjwa mmoja akiingia na mwingine akitoka, na kila mlango ulipofunguka nilidhani ni daktari anakuja kutuambia basi. Alipimwa tena, bado. Alipimwa tena. Mwishowe alikuwa amesinzia begani kwangu, na hapo ndipo presha iliposhuka. Walimwamsha wakamwingiza. Alikuwa wa mwisho.

Walimfanyia jicho la kushoto. Kesho yake bandeji ilitolewa, akapewa dawa ya matone na miwani myeusi, tukapanda gari la abiria mpaka Chiungutwa. Gari letu lilikuwa palepale, magurudumu yote yapo. Tindo nalo lilikuwa limerudi.

Fundi alikwangua ule utomvu mgumu, akaipasua pete vipande viwili, akagongomea soketi kwenye nati yenyewe. Tulilivuta bomba pamoja, yeye na mimi, kwa sababu peke yake hakuweza. Nati ilitoa mlio mkali, ikasimama, ikalia tena, kisha ikazunguka. Hatukushangilia. Fundi aliketi chini, mimi nikaegemea gari. Nilimwambia kwamba zile tatu zilizobaki tutazitoa siku nyingine, tuweke za kawaida, na mwizi akitaka magurudumu ayachukue.

"Ilete niione," mke wangu akasema.

Niliitoa kwenye soketi nikamwekea kiganjani. Aliinua miwani kidogo, akaifikisha nati karibu na uso, kisha akaisogeza mbali, akaigeuza kwenye mwanga.

"Ina ua," akasema.

"Hiyo ni mitaro ya ufunguo. Haina ua."

"Limevunjika upande mmoja, lakini ni ua. Tazama."

Nilichukua nati nikatazama. Kichwani mwake, mitaro ilizunguka katikati kama petali, nusu yake imepondwa na nyundo. Lilikuwa ua.