Konokono Waliopungua Tangini

Fundi saa alikuwa mtu wa kushuku tangu ujana wake. Ukimpelekea saa iliyosimama, haulizi imeharibika nini; anauliza nani aliifungua kabla yake. Mkewe, muuguzi, alimtania kwamba hata kivuli chake mwenyewe anakigeukia mara mbili.

Sebuleni kwao palikuwa na tangi la kioo lenye samaki watatu wa rangi ya dhahabu, wanono, macho yamewatoka kama waliopokea habari mbaya. Kioo kilipoanza kuota utando wa kijani, fundi akanunua konokono wadogo sita ili waule. Juma hilohilo mama mkwe akahamia kwao, mguu ukimsumbua. Akasimama na mkongojo wake mbele ya tangi, akakunja uso.

"Baba, na hawa nao wanafugwa?"

"Wanasafisha kioo, mama."

"Haya."

Hiyo "haya" fundi aliibeba moyoni hadi kazini.

Siku nne baadaye konokono walikuwa wanne. Akapapasa changarawe, akatoa gamba tupu, safi kama lililolambwa. Mchana kutwa yeye yuko dukani, mkewe yuko zamu. Nyumbani anabaki mtu mmoja tu. Lakini mkwe ni mkwe. Utaanzaje kumuuliza mama aliyekuzalia mke, "Umewapeleka wapi konokono wangu?" Fundi akameza dukuduku lake, akaanza uchunguzi wa chini kwa chini.

Alichukua kibrashi cha kupakia rangi mishale ya saa, akamtia kila konokono doa jeupe mgongoni, akasubiri likauke, akawarudisha majini. Kesho yake alasiri, alipotoka kazini, akabana lenzi jichoni na kupiga magoti mbele ya tangi. Wenye madoa walikuwa watatu. Wa nne alikuwepo, ila mgongo wake mweusi tii, hauna hata nukta.

Kupungua kwao angekuelewa. Kubadilishiwa ndiko kulikomtisha.

"Kuna mtu anachezea tangi langu," alimnong'oneza mkewe jikoni.

"Mtu gani?"

"Sisemi."

"Kama ni mama yangu, sema."

"Nimesema sisemi."

Wakaketi kula. Mama mkwe akamwongezea fundi mchuzi. Fundi akaunusa kwanza.

Siku ya tatu tangu awatie madoa, akafunga duka saa sita mchana, akaingia nyumbani kwa mlango wa uani, viatu mkononi. Hakukosea! Mama mkwe alikuwa ameegemea meza, mkono umezama tangini hadi kiwiko, kikopo pembeni.

"Mama!"

Kikopo kikaanguka, konokono wawili wakabingirika sakafuni.

"Loo, baba! Unataka kuniua kwa presha?"

"Unafanya nini humo, mama?"

Yule mama akajifuta mkono kwa khanga. "Nakurudishia konokono wako. Huyo samaki wako mkubwa anawala. Nilimwona siku ile ya kwanza, nikasema nikikwambia utadhani nawachongea samaki wako kwa kuwa siwapendi. Nikamwomba muuza maua wa pale kona. Ana pipa la maji la kuoteshea mayungiyungi, limejaa konokono."

"Umetembea hadi kona na mguu huo?"

"Ulikuwa unakaa mbele ya kioo kama mfiwa. Ningefanyaje?"

Fundi hakuamini papo hapo. Hiyo si tabia yake. Akavuta kiti, akakaa, akatazama. Haikupita nusu saa. Samaki mkubwa alikipitia kioo polepole, akamkwanyua konokono mwenye doa, akamtafunatafuna, kisha akatema gamba.

Fundi akainama kuwaokota wale wawili wa sakafuni, na alipoinuka hakuweza kumtazama mama mkwe usoni.

"Mama, nilikudhania vibaya. Nisamehe."

"Nilijua. Mtu hanusi mchuzi bure."

Alasiri hiyo waliwahamishia konokono kwenye chupa kubwa ya kioo dirishani mwa jikoni, na fundi akaanza kusugua tangi kwa sponji yeye mwenyewe. Muuguzi aliporudi akasimuliwa yote. Alicheka hadi akaketi chini. Kisha akamnunia mumewe siku mbili kwa ajili ya mama yake, na fundi akaona ana haki.