Bibi Wima na Dunia Iliyoinama

Mfinyanzi wa nyumba ya kona alikuwa na jina lake la kuzaliwa, lakini mtaa mzima ulimwita Bibi Wima, na hakuonewa. Chungu kikilalia upande, hata kidogo tu, atakinyoosha kabla hujakiona. Kofia ya mgeni ataiweka sawa mgeni akiwa bado anabisha hodi. Siku moja zahanati alimnyoosha mzee aliyesinzia kwenye benchi, mzee wa watu akazinduka akidhani ameitwa na daktari.

Maisha yalimwendea vizuri. Alikuwa na karakana nyuma ya nyumba, gurudumu alilorithi kwa mama yake, na mjukuu wa kike wa miaka minane aliyeachiwa na binti yake, ambaye alikwenda ng'ambo kuuguza wazee. Kilichomkosesha raha ni kimoja tu: mjukuu alikuwa amemgomea mama yake. Simu ikiita, anajificha nyuma ya mapipa ya udongo.

"Mama mwongo," alisema bila kupepesa macho. "Nilimpigia mchana, akasema huko ni usiku wa manane. Mara eti kuna baridi mpaka maji yanaganda. Bibi, si huku tunaungua! Tena eti saa kumi jioni giza limeshaingia. Hataki tu kuongea na mimi."

Bibi Wima aliumia, maana yeye ndiye aliyemsikia binti yake akilia kwenye simu. Na hasira ya mtoto aliiogopa kama udongo: ikishakauka, huinyooshi tena.

Jumamosi alasiri akafunga madirisha ya karakana na kuwasha taa iliyosimama katikati ya meza. Akaviringisha bonge la udongo likawa kama chungwa, akapitisha kijiti katikati.

"Hii dunia, na taa ndiyo jua," alisema. "Bonyeza kidole gumba hapa, chini kidogo ya kiuno. Hapo kwetu. Sasa bonyeza huku juu, upande wa pili. Hapo kwa mama yako."

Akakizungusha kijiti polepole. Alama ya kwao ikaingia kwenye mwanga, ya mama ikazama gizani. Akaendelea kuzungusha, zamu zikabadilishana.

"Umeona? Jua haliendi popote. Sisi ndio tunaozunguka. Ukila chakula cha mchana, mwenzio kageukia gizani, anakoroma."

Mtoto akatafakari. "Haya, usiku nimemsamehe. Na baridi je?"

Hapo Bibi Wima akajikohoza. Alikumbuka kutoka shuleni kwamba dunia huchukua mwaka kulizunguka jua, tena ikiwa imeinama. Akakiinamisha kijiti, akaanza kuizunguka meza. Kila alikofika, alama ya mama ilipata mwanga uleule. Akarudia. Baridi haikuja. Akarudia tena, jasho likimtoka.

"Kumbe wewe na mama lenu moja," mjukuu alisema na kuelekea mlangoni.

"Rudi, mama! Nifuate nyuma unitazame mkono. Kosa lipo, sema silioni."

Mtoto akamfuata kwa shingo upande. Hawakufika hata nusu ya meza.

"Bibi! Unainyoosha!"

"Nani, mimi?"

"Ndiyo! Umeanza imeinama, sasa hivi imesimama kama mlingoti!"

Bibi Wima akautazama mkono wake. Ulikuwa umefanya kazi uliyoizoea maisha yote, bila hata kumuuliza mwenyewe. Akacheka mpaka akashika meza.

"Shika wewe, mimi siwezi kuona kitu kimepinda nikakiacha. Kichwa cha kijiti kielekee kwenye kabati lile la ukutani daima, popote utakapofika."

Mtoto akazunguka. Alipofika upande wa kabati, kichwa cha dunia kilikuwa kimeipa taa kisogo. Akakizungusha kijiti. Alama ya mama ikachungulia mwanga kidogo, tena kwa pembeni, ikarudi gizani. Ya kwao ikatazamana na taa uso kwa uso.

"Mama yuko mbali na taa?"

"Wala. Ni kule kuinama tu. Mwanga unamfikia kwa mshazari, hauchomi, na mchana wake mfupi. Nenda sasa upande ule mwingine."

Akaenda, mambo yakageuka: mama akapata mwanga tele, wao wakapata kidogo. Mtoto akarudi kabatini, akasimama akiitazama ile alama gizani.

"Kwa hiyo giza lilikuwepo kweli."

"Lilikuwepo."

"Na mimi nikamwita mwongo." Machozi yakamlengalenga. Bibi akamkumbatia, mikono yake na udongo wake.

Jua lilipokuwa linazama, simu ikaita. Siku zote Bibi ndiye aliyepokea na kutunga visingizio, mara mtoto anaoga, mara amelala. Leo mtoto alimtangulia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu," sauti ilitetemeka. "Ni wewe?"

"Mimi. Huko bado giza?"

"Bado. Ndiyo kwanza naamka, nijiandae kwenda kazini."

"Subiri, usikate. Nenda dirishani."

Mtoto akatoka uani, simu sikioni, Bibi nyuma yake. Kwao mwanga ulififia taratibu juu ya mabati, mpaka jua likaisha kabisa.

"Umeliona, mama?"

"Naliona," mama alisema, akicheka na kulia. "Ndiyo linachomoza."

"Basi hilo ndilo nililokuwa nalo mimi sasa hivi."